Siku Mbarka Alipofungua Kompyuta ya Lotfi

Simu ilimkuta Mbarka mikono imegandwa na unga wa semolina na samli. Alikuwa anakanda makruti, vitafunio vya tende, za harusi ya watu wa El Hadjar, na tende zilikuwa bado motoni zinalainika kwa mvuke. Akaibonyeza simu kwa kifundo cha kidole, akaibana baina ya sikio na bega.

"Mama Lotfi? Ni Huria, wa chama cha kutafuta waliopotea baharini. Umekaa?"

Hakukaa. Aliegemea sinki. Tangu Lotfi aondoke usiku mmoja wa majira ya kuchipua, yeye na rafiki yake Anis na vijana wengine, kwa boti ya mbao kutoka ufuo wa Chatt, Mbarka alikuwa amejifunza kusikiliza simu akiwa wima, kana kwamba habari mbaya haiwezi kumwangusha mtu ambaye miguu yake iko chini.

"Sema, binti yangu."

"Kuna kijana hospitalini Sardinia. Aliokotwa na wavuvi. Kichwa kimeumia, hajui hata jina lake, ila akiweweseka anasema Kiarabu cha kwetu, cha Annaba kabisa. Picha hawatoi. Lakini wamekubali mama amwone kwa video, leo, baada ya alasiri, mkalimani akiwepo. Kesho wanamhamishia bara, na huko mimi sina mtu."

"Ni Lotfi?"

"Mama, sijui. Umri unakaribia. Una simu ya kioo?"

"Hii yangu ya vibonye."

"Kompyuta je?"

Mbarka aliutazama mlango wa chumba cha mwanawe, uliofungwa muda wote huo. "Ipo," alisema.

Huria akamtajia anwani ya kufungua, herufi moja moja, na Mbarka akaiandika kwa penseli ukutani, juu ya jiko, palepale alipokuwa amesimama. Kisha Huria akauliza kitu kimoja zaidi. "Boti ile, si kulikuwa na mwingine wa mtaa wenu? Mamaye hajawahi kujiandikisha kwetu."

"Anis. Mama yake anakaa juu yangu."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia," Mbarka akasema, akakata simu.

Hakumwambia. Alinawa mikono, akavua aproni, akasikia nyayo za Saliha, mama yake Anis, zikipita darini kutoka jikoni kwenda sebuleni, na hakupanda ngazi. Saliha alikuwa amegoma kuliandika jina la mwanawe popote. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba Anis yuko Marseille kwa mjomba, atapiga simu akitulia, na aliyecheka alitukanwa hadi babu yake wa saba. Basi na abaki na Marseille yake, Mbarka aliwaza. Kijana aliyepatikana ni mmoja. Mmoja hagawanyiki. Aliona aibu kwa wazo hilo, lakini aibu haikumpeleka juu.

Alifungua chumba. Joto la kiangazi lilikuwa limejikusanya humo pamoja na harufu ya pafyumu ya Lotfi. Kompyuta ilikuwa mezani chini ya blanketi, kama maiti. Tayeb, mumewe, ndiye aliyeifunika. Wiki ile kijana alipoondoka alikuta kwamba Lotfi alikuwa amekaa siku nzima akifuatilia hali ya mawimbi kwenye kioo hicho, akaingia na blanketi mkononi. "Bahari ilianzia hapa," alisema. "Asiiguse mtu." Na Tayeb, aliyefanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha chuma mpaka masikio yakafa nusu, hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Toka siku hiyo jina la mwanawe halikumtoka mdomoni. Alishinda mkahawani akicheza domino, akirudi magharibi.

Mbarka alilikunja blanketi kwa mikunjo ileile, ili aweze kulirudisha kama lilivyokuwa, akabonyeza kitufe kikubwa cha kwenye kasha. Feni ikakohoa vumbi, ikaanza kunguruma.

Haikuwa mara yake ya kwanza mbele ya kioo kile. Lotfi alikuwa amemfundisha kutazama watu wanavyopamba keki, akamcheka alivyokishika kipanya kwa mikono miwili kama sahani ya moto. "Mama, taratibu, hakina mbawa hicho." Kusoma alisoma, ingawa shule aliiacha mapema kuwalea wadogo zake. Lakini kioo kilipowaka hakikuwa kile alichokijua. Kabla ya kuondoka Lotfi alikuwa amefuta kila kitu: picha, nyimbo, programu zote, asifuatiliwe. Kilichobaki ni kivinjari cha zamani kilichokuja na mashine yenyewe, pekee pembeni.

Akakifungua. Akaandika anwani, akiinua macho na kuyashusha, akikimbia jikoni kuhakikisha herufi. Ukurasa ukafikiri kwa muda mrefu. Kisha yakatokea maneno ya Kifaransa, na chini yake ya Kiarabu: Kivinjari hiki ni cha zamani mno, hakiwezi kupokea video. Tafadhali sakinisha kipya.

Alisoma mara nyingi, akitarajia maneno yabadilike.

Adhana ya alasiri ilianza msikitini. Mbarka akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: kivinjari kipya. Jibu la kwanza kabisa lilileta ukurasa wenye kitufe kikubwa cha kijani kibichi, kinachopepesa, kimeandikwa PAKUA SASA BURE. Akabofya. Kikatokea kingine, cha kijani vilevile. Akabofya. Kila alipoulizwa alikubali, kwa sababu mtu anayebisha hodi hospitali hakatai kuingia. Faili likashuka, likajifungua, mstari ukajaa, na Mbarka akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo kioo kilipogeuka chekundu. Dirisha lilifunguka, na jingine juu yake, na jingine: wasichana wanauza saa, magurudumu ya bahati nasibu, kisha king'ora kikaanza kulia kwenye spika. ONYO! KOMPYUTA YAKO IMEVAMIWA. USIIZIME. PIGA NAMBARI HII MARA MOJA. Alijaribu kufunga, yakazaliwa mengine. King'ora kikazidi. Mbarka aliziba spika kwa mto wa kitanda cha Lotfi, akasimama ameukumbatia, akifikiri kwamba ameiua kompyuta, na kwa kuiua amemfungia mwanawe nje.

Mlango wa mbele ukagongwa kwa kiganja.

"Weee Mbarka! Mnachoma nyumba? Hiyo kelele gani?"

Alikuwa Saliha. Kabla ya kustaafu alikuwa karani katika ofisi za bandari, na wanawake wa ghorofa walimpelekea kila kilichohusu mashine na karatasi za serikali, wakivumilia ulimi wake. Mbarka alifungua mlango bado ana mto kifuani.

"Dada yangu, njoo. Nimeiharibu kompyuta. Njoo haraka."

Saliha aliingia na kandambili zake, akatazama kioo, akacheka kidogo. "Umebofya kijani, siyo? Kila mtu anabofya kijani. Hao ni matapeli. Hiyo nambari usiipige hata kwa dawa." Akakaa kwenye kiti, akabonyeza vitufe pamoja, madirisha mekundu yakafa yote kwa mpigo. Akauchomoa waya wa spika. "Sasa niambie, ulikuwa unatafuta nini? Mapishi? Kwa mapishi tu unafufua mashine ambayo Tayeb ameifunika sanda?"

Mbarka aliurudisha mto kitandani. Saliha akageuka, na macho yake yakatua kwenye ukurasa uliobaki wazi nyuma, ule wa kwanza. Jina la hospitali lilikuwa juu. Chini yake neno Sardinia.

Alisoma polepole. Mkono wake ukaondoka kwenye kipanya.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mchana huu tu. Wallahi, mchana huu."

"Na mimi niko juu ya kichwa chako."

"Saliha, hawajui ni nani. Hana jina. Walinipigia mimi kwa sababu wewe..."

"Kwa sababu mimi nini? Sema."

"Kwa sababu wewe unasema yuko Marseille!"

Lilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. Saliha alibaki amemkodolea macho, midomo imekakamaa, na Mbarka akangoja mwenzake amtukane, ainuke, aondoke na ujuzi wake. Badala yake Saliha aligeukia kioo.

"Hana mjomba yeyote Marseille," alisema. "Vuta kiti. Wanasubiri mpaka lini?"

"Mpaka mkalimani atoke kazini. Sijui saa ngapi."

Saliha akaanza kazi. Kwanza aliingia kwenye orodha ya programu, akaitafuta ile takataka mpya, akaiondoa, na dada yake pia, programu nyingine iliyojificha nyuma yake. Kisha hakutafuta popote. Aliandika yeye mwenyewe anwani ya watengenezaji wa kivinjari, akamwonyesha Mbarka kufuli dogo pembeni ya jina. "Unapakua kwa mwenyewe, si kwa dalali. Ona, hapa hakuna kinachopepesa." Akabofya mara moja. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa chini ya kioo.

Ulitambaa kama konokono. Mtandao wa mtaa ule saa hizo ulikuwa wa kila mtu, na kila nyumba ilikuwa na mtu anatazama mpira. Mstari ulifika nusu ukasimama. Wanawake wawili waliutazama kama wanavyotazama maziwa yasichemke, goti kwa goti, kila mmoja akimwomba Mungu yuleyule kitu ambacho mwenzake angekipoteza.

"Akiwa Lotfi," Saliha alisema bila kugeuza kichwa, "nitapiga kigelegele. Nakuambia mapema, usije ukaniona mnafiki."

Mbarka alitaka kuahidi kwamba naye angefanya vilevile, ila macho yake yalibaki kwenye mstari.

Mstari ukasogea. Kisha ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa mbele.

Tayeb hakuwa na desturi ya kurudi mapema. Labda domino zilimchosha, labda mtu alimwambia kuwa dirisha la chumba cha mwanawe liko wazi. Alisimama kizingitini, kofia mkononi. Aliliona blanketi lililokunjwa. Akaiona mashine inawaka. Hakupaza sauti. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye kisanduku cha mtandao kilichoning'inia ukutani kando ya kitanda, akaushika waya.

"Tayeb, acha huo waya."

"Nilisema asiiguse mtu."

"Acha, nakuambia!"

Katika ndoa yao yote Mbarka hakuwahi kumpigia kelele mumewe, na Tayeb, ambaye nusu ya maneno ya dunia hayakumfikia, hilo alilisikia. Mkono ulibaki kwenye waya.

"Kuna kijana Sardinia," Mbarka akasema, sasa kwa sauti ya chini, akimkaribia ili asome midomo yake. "Yuko hai. Huenda ni wetu. Huenda ni wa Saliha. Atakuja kwenye hiki kioo. Ukiuchomoa huo waya, Tayeb, mimi katika nyumba hii simo tena."

Alimwangalia mkewe, akamwangalia Saliha. Kisha akauachia waya, kidole kimoja kimoja, akaketi ukingoni mwa kitanda cha Lotfi, kofia magotini.

"Imeisha," Saliha alisema. "Imeshuka."

Akalifungua faili. Mashine ikauliza kama programu hii iruhusiwe kufanya mabadiliko. Mbarka akarudi nyuma. "Usikubali! Na ile ya kwanza iliuliza hivyohivyo."

"Ile ilikuwa haina jina la mwenye mali. Hii soma, jina lipo. Ndiyo." Akabofya. Mstari mwingine, huu wa haraka. Dirisha jeupe likafunguka, safi, likaanza adabu zake: Ungependa lugha gani? Nilete kumbukumbu za kivinjari cha zamani? Nifanye niwe kivinjari chako kikuu? Ungependa kufungua akaunti? "Huyu naye anaposa," Saliha alinong'ona, akiruka swali baada ya swali. "Ruka. Ruka. Baadaye, mwanangu, baadaye." Akaandika anwani iliyokuwa ukutani jikoni, Mbarka akimsomea kwa kukariri.

Ukurasa ukafunguka. Juu kushoto kikatokea kisanduku: Ukurasa huu unataka kutumia kamera na kipaza sauti chako. Kipanya kilikuwa karibu na Mbarka. Kichwa chake bado kilikuwa na king'ora. Alibofya kabla Saliha hajafungua mdomo, akabofya Zuia.

Kioo kikawa cheusi. Sauti ya msichana ikasikika kwenye spika aliyoichomeka upya Saliha, ya mbali: "Halo? Hatuwaoni. Hatuwasikii. Halo?"

"Tupo!" Mbarka akapiga kelele. "Binti, tupo!"

"Hakusikii, umemzuia! Toa mkono. Toa mkono, Mbarka!"

"Halo? Kama hamsikii, itabidi nifunge, daktari anasubiri..."

Saliha alibofya lile kufuli dogo pembeni ya anwani. Orodha ikashuka. Kamera: Zuia. Akaigeuza. Kipaza sauti: Zuia. Akakigeuza. Akafungua ukurasa upya, na duara likaanza kuzunguka, likazunguka, na Tayeb akainuka kitandani bila kujua ameinuka. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye kamera juu ya kioo.

"Ah, nawaona sasa," msichana alisema. Alikuwa mkalimani, Mmoroko, Ghizlane, na uso wake ulikuwa wa uchovu na wema. "Salamu aleikum, mama zangu. Ni wawili? Niliambiwa mmoja."

"Sisi ni wawili," Mbarka akasema.

"Basi tulieni. Kichwa chake kimenyolewa, amepasuliwa tena wiki iliyopita, na uso umevimba. Msiogope. Msimrushie maneno mengi."

Kamera ikageuzwa. Kijana alikuwa ameegemezwa kwa mito, bandeji imepita juu ya jicho moja, shavu limejaa rangi ya bilinganya. Angeweza kuwa yeyote. Mbarka alimtafuta mwanawe katika uso ule, akamwona, akampoteza, akamwona tena kwenye pembe ya mdomo.

"Lotfi?" aliita. Kijana hakugeuka.

"Anis?" Saliha akaita, kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake. Jicho lilibaki dirishani.

Mbarka alishika ukingo wa meza. "Binti, mwombe ainue mkono wa kushoto. Anigeuzie kiganja juu."

Lotfi alipokuwa mdogo alivuta sufuria ya shira ikichemka, na kifundo cha mkono wake kilibaki na kovu lenye umbo la jani. Mbarka alilibusu kila alipomwogesha. Ghizlane aliunyanyua mkono wa mgonjwa taratibu, akausogeza karibu na kamera. Ngozi ilikuwa safi, laini, haina alama hata moja.

Hakuna aliyejua maana yake isipokuwa yeye, na Tayeb, aliyetoa pumzi nyuma yake kama mtu aliyepigwa ngumi. Saliha alikuwa bado anachunguza kioo, hajui. Kwa muda mfupi Mbarka na mumewe walikuwa watu pekee duniani waliojua kwamba kijana yule si Lotfi, na Mbarka alihisi angeweza kukaa na jambo hilo, asilitoe, kama vile kulinyamazia kungelizuia lisiwe kweli.

"Saliha," alisema. "Mwite tena. Siyo hivyo. Mwite unavyomwita asubuhi akikataa kuamka. Tunakusikiaga hapa chini."

Saliha akakisogelea kioo. "Nunu," alisema. "We Nunu wa mama. Amka, mvivu wangu, mkate unapoa."

Jicho moja liliondoka dirishani. Lilitangatanga chumbani, likakitafuta kile kioo, likatulia. Mdomo uliovimba ukafunguka.

"Sina njaa," kijana alisema, kwa Kiarabu cha Annaba. Kisha akaanza kulia.

Saliha hakupiga kigelegele. Aliweka paji la uso kwenye kioo na kukaa hivyo, akimwita, akimwita. Mbarka akampisha kiti chote. Aliingia jikoni, akazima moto chini ya tende zilizokuwa zimeungua, akafungua bomba, akasimama mbele ya maji yanayotiririka. Tayeb alimfuata. Hakumgusa. Alifunga bomba, akasema, "Lotfi," mara moja tu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, na hapo wote wawili wakakaa sakafuni.

Kabla simu ya video haijaisha Mbarka alirudi, akamuuliza Ghizlane kama kulikuwa na mwingine. Hakukuwa.

Anis alihamishwa, lakini sasa alikuwa na jina, na jina lilimfuata. Saliha alikuja kila alasiri kuzungumza naye kwenye kompyuta ile, kwa sababu alikataa kutumia nyingine yoyote, na kila siku kumbukumbu za kijana zilirudi vipande vipande. Siku moja ya vuli aliomba kuongea na Mama Lotfi peke yake. Mbarka alimwita Tayeb, akampa kiti cha karibu na spika.

Anis aliwaambia injini ilizimika, wimbi likawapindua. Yeye na Lotfi walishikilia dumu moja la mafuta usiku mzima, wakiimbiana nyimbo za uwanjani wasilale. Kulipopambazuka Lotfi alikuwa haimbi tena.

"Alisema chochote?" Tayeb akauliza.

"Alisema baridi, ami. Na alicheka kidogo, akasema babake angekuwa hapa angelalamika kwamba dumu ni bovu."

Tayeb alitikisa kichwa taratibu. "Lilikuwa bovu?"

"Lilikuwa linavuja, ami."

Wakamsalia Lotfi salatul-ghaibu, sala ya maiti asiyekuwepo, Ijumaa iliyofuata, na ngazi za ghorofa zikajaa viatu vya waombolezaji. Blanketi Mbarka alilitoa sadaka. Huria wa chama alipokuja kutoa pole, alikuja na mwanamke kutoka mji wa Skikda aliyepotelewa na binti baharini na hakuwa na kompyuta. Mbarka alimwacha amalize kahawa yake, kisha akampeleka chumbani, akamwekea kiti, akakishika kipanya kwa mkono mmoja.

"Hicho cha kijani usikiguse," alimwambia. "Soma jina kwanza. Halafu ikikuuliza kamera, unaruhusu."